Maua ya Kuazima Katika Harusi ya Editha

Ijumaa ile, uani kwa Leonsia kule Chala, tulikuwepo sisi hawa. Leonsia mwenyewe, mjane, mama wa bibi harusi. Editha, binti yake, ambaye kesho yake alikuwa anafunga ndoa. Mzee Gaudensi, mdogo wa marehemu baba yake Editha, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Bi Anselma, shangazi wa bwana harusi, aliyepanda kutoka Muze na mikungu ya ndizi, baridi imemshika mpaka maneno yanamtoka vipande vipande. Na mimi Skolastika, ambaye sina damu na yeyote pale, ila nilimsimamia Leonsia kipaimara, kwa hiyo Editha ananiita bibi. Baadaye wakaongezeka Jeni, mpambaji wa kutoka mjini Sumbawanga, na Shija, jirani mfugaji, aliyekuja kununua ng'ombe. Nimewataja mapema ili huko mbele asije mtu akaniuliza huyu naye katokea wapi.

Nawaandikia ninyi wajukuu mnaotaka kushika kazi ya kupamba harusi, na ninyi mnaotaka kuoana lakini mkisikia bei ya maua mnaahirisha hadi mwakani. Mimi nimeifanya kazi hiyo tangu nikiwa msichana hadi magoti yaliponikatalia kupanda ngazi. Nimesoma hadi darasa la nne tu, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe mwendelee.

Kazi nilifundishwa na Sista Ludovika. Nilikuwa nafagia bustani ya masista, na siku moja akanikuta nimechukua maua yaliyokatwa, yaliyokusudiwa kutupwa, nimeyapanga kwenye kopo la maziwa. Nikajua nafukuzwa. Akaliangalia lile kopo, akasema, "Skola, umeyapanga vizuri lakini umeyaua. Ua lina kiu kama mtoto aliyetoka shule. Linywe kwanza, ndipo ulichezee." Kuanzia hapo nikawa wake.

Sista yule alikuwa mkali wa mambo madogo. Maua tulikata alfajiri, umande ukiwa bado upo, na ndoo ya maji ulikwenda nayo bustanini. Hukukata kwanza ndipo ukatafute maji. Jani lolote ambalo lingezama kwenye maji lilitolewa, kwa sababu likioza litaozesha na shina. Shina gumu kama la waridi ulilikata mshazari kwa kisu kikali. Mmea unaotoa maziwa, ule mwekundu wa Krismasi kwa mfano, ulichoma ncha yake kwenye moto wa mshumaa, la sivyo utomvu unaziba njia na ua linalala kabla ya Padre kumaliza mahubiri. Na maua yakishakatwa yalale kwenye chumba cha baridi, chenye giza, pasipo moshi na pasipo matunda yanayoiva. Hilo la matunda lishikeni, tutalirudia kwa uchungu.

Msidhani lakini kwamba Sista hakukosea. Kulikuwa na ndoa moja baada ya Pasaka, ndoa ya Oresta na mwalimu Fidelisi, na alizeti zilikuwa zimechanua mashamba yote hadi unaona njano tu. Sista akasema, "Kwa nini tuhangaike? Mungu ametupambia, sisi tukate." Tukakata, tukajaza altare. Kanisa lilipendeza mno. Kumbe alizeti mbichi inakuja na wenyeji wake. Jua lilipopenya dirishani nyuki wakaamka, na Padre akawa anahubiri juu ya uvumilivu huku anajipiga kofi shingoni. Oresta akalikumbatia shada lake kwa woga, ule unga wa manjano ukamwagikia kifuani kwenye shela. Kwenye picha zake hadi leo anaonekana kama amemwagikiwa na mchuzi. Kila tukikutana sokoni ananiambia, "Skola, bado nakudai sabuni." Mkitaka alizeti, zikung'uteni nje siku moja kabla, na zisimkaribie bibi harusi.

Mambo yamebadilika sana katika kazi hii. Mwanzoni tulisimamisha migomba pande mbili za mlango, tukafunga matawi ya mwerezi, basi, harusi imepambwa. Kisha ikaingia fasheni ya maua ya karatasi za chooni. Msicheke. Tulikaa wanawake wanane au kumi, tunakunja, tunafunga uzi katikati, tunachambua kidogo kidogo hadi inakuwa kama waridi jeupe. Tatizo lake lilikuwa mvua, na watoto wenye mafua. Yakaja maua ya plastiki, kila harusi ikawa na maua yaleyale, na vumbi lilelile la harusi iliyopita. Siku hizi ni vitambaa, taa, na waridi halisi linalosafiri kwa basi kutoka mikoa ya mbali, likifika Sumbawanga limechoka kuliko abiria. Silisemi vibaya. Waridi ni zuri. Ila bei yake ndiyo iliyotupeleka kwenye ile Ijumaa ya Chala.

Ilikuwa hivi. Mume wa Leonsia alipofariki aliacha shamba, nyumba, na maksai wawili wa kulimia. Majina yao Fundi na Karani. Fundi alikuwa mwenye nguvu, na Karani alikuwa anajua mstari: ukimfunga plau, mfereji unanyooka wenyewe bila mtu kumshika kamba. Ukimwondoa mmoja, yule wa pili ni nyama tu, kwa sababu maksai waliozoeana huwezi kuwatenganisha, ukamwoza aliyebaki kwa mgeni, ukategemea walime msimu huo huo. Kwa hao wawili Leonsia alilima mahindi na ulezi wake, akawalimia na majirani kwa malipo, akamsomesha Editha.

Editha alipochumbiwa na Patrisi, kijana wa Muze, kamati ikaundwa. Mzee Gaudensi akaweka kwenye bajeti maua ya waridi, kanisani na ukumbini, kwa jumla iliyolingana kabisa na bei ya Karani. Nami nilikuwepo kwenye kikao.

Leonsia akasema, "Shemeji, maua yatakaa siku moja. Karani analima miaka."

"Shemeji," Gaudensi akajibu, "harusi ya binti wa marehemu kaka yangu watu wataikumbuka miaka. Wakikuta kanisa tupu watasema Gaudensi alisubiri kaka yake afe ndipo awe bahili."

"Nani atasema?"

"Watu."

"Watu gani? Wataje tuwapikie kidogo."

Watu wakacheka, lakini Gaudensi hakucheka. Nawaomba msimwone mtu mbaya. Alimpenda kaka yake, na kila jambo la Editha alilipima kwa jicho la marehemu. Aliogopa kumwaibisha mtu ambaye hawezi tena kujitetea.

Basi nikaomba ruhusa. Nikasema nitapamba kwa maua ya hapahapa Ufipa, bila kununua hata moja. Gaudensi akasema, "Bibi Skola, ninakuheshimu. Lakini Ijumaa adhuhuri nitakuja kuyaona. Nikiyaona hayafai, Jeni atapakia waridi zake kwenye gari la jioni, na Shija atamchukua Karani." Shija akapewa habari, akasema Ijumaa atapita na kamba yake. Leonsia alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua.

Harusi zetu ni baada ya mavuno, wakati wa upepo na baridi, na nyasi zimekauka hadi upeo wa macho. Mtu atakwambia hakuna maua. Yapo, ila lazima ujue nani anamwagilia. Masista wa misheni walinipa dalia na waridi chache za bustani yao. Kwenye kijito chini ya shamba la mzee Kandidi nilipata mayungiyungi meupe, yale yenye shingo ndefu. Bogenvilia ilikuwa tele kwenye ua wa shule, mwalimu mkuu akaniruhusu. Alhamisi asubuhi nikakata kila kitu kama nilivyofundishwa, nikayalaza kwenye ndoo ndani ya stoo ya Leonsia, chumba cha tofali mbichi chenye kidirisha kimoja upande wa kusini. Baridi safi. Nikafunga mlango, nikapanda gari kwenda mjini kuchukua vyombo vyangu vya kupangia. Nikalala kwangu nikiwa na amani.

Alhamisi hiyohiyo jioni, nyuma yangu, wageni wa Muze wakafika. Muze iko chini, bondeni, kuna joto, ndizi zinaiva zenyewe mtini. Bi Anselma alileta mikungu kwa ajili ya karamu, zawadi ya upande wa mwanamume. Akaulizwa aweke wapi. Akaonyeshwa stoo. Alipoingia akasikia baridi ya kile chumba, akasema, "Mama yangu, hapa ndizi zitageuka nyeusi kama makaa kabla ya kuiva." Hapo alisema kweli kabisa, ndizi haipendi baridi. Basi akafanya kile ambacho mtu yeyote wa bondeni mwenye akili angefanya. Akazivundika. Akazifunika kwa mablanketi yake mwenyewe, akaziba kidirisha kwa gunia, akaweka jiko la mkaa katikati ya chumba, akafunga mlango.

Mtauliza, na Leonsia alikuwa wapi? Alikuwepo. Alijua maua yangu yamo mle. Lakini nyumba ile ina desturi yake: kitu kilichokuja na wakwe hakiguswi na mwenye nyumba hadi kipokelewe rasmi mbele ya wazee, na mapokezi yalipangwa Ijumaa asubuhi baada ya chai. Kuingia na kuhamisha jiko la mkwe ilikuwa sawa na kumwambia zawadi yako inanuka. Leonsia akalala macho wazi, akinyamaza kwa adabu.

Niliporudi Ijumaa, mapokezi ndiyo kwanza yamekwisha. Nilifungua mlango wa stoo, nikapigwa na harufu tamu ya ndizi. Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri sana, sina budi kusema. Mayungiyungi yalikuwa yameinama yote kwa pamoja kama watu kwenye sala ya toba. Dalia zilikuwa zimemwaga petali chini. Bogenvilia ilikuwa karatasi ya kahawia. Ndizi inayoiva ina pumzi yake, wajukuu zangu, ambayo maua hayaiwezi, na ukiongeza joto la mkaa umemaliza.

Mzee Gaudensi alifika hata kabla ya adhuhuri. Akachungulia kwa juu ya bega langu. Nilitegemea atafoka. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Bibi Skola," akasema polepole, "hapa hakuna mtu mwenye kosa. Lakini nampigia Jeni."

"Ngoja kidogo, Mzee."

"Nisubiri nini? Kesho saa nne Misa."

Leonsia akaondoka pale uani, akaelekea zizini. Nilimwona kwa mbali amesimama karibu na Karani, hamgusi, amesimama tu. Editha akataka kumfuata, nikamshika mkono. Kuna wakati mtu anahitaji kusimama na ng'ombe wake.

Bi Anselma ndiye aliyekuwa hajui lolote. Akauliza kuna nini, na Editha, ambaye hawezi kuficha jambo, akamweleza lote: maua, bajeti, Karani. Yule mama akakaa chini kwenye kinu kilicholala. Alikuwa amevaa vitenge viwili na koti la suti la mumewe. Akasema, "Kwa hiyo mimi nimepanda mlima kuja kuwaulia ng'ombe."

"Hakuna aliyesema hivyo, mama mkwe," Editha akasema.

"Mimi nasema."

Nikakaa karibu naye. Na kutoka pale tulipokaa, nikitazama nje kwa juu ya wigo, nikaona baraza la jirani, Mama Filomena. Barazani kwake kulikuwa na makopo. Kopo la rangi, ndoo ya mafuta ya kula iliyopasuka, sufuria iliyotoboka. Na ndani ya kila kimoja ua limesimama, jekundu, la waridi, jeupe, limelowa maji ya kuoshea vyombo asubuhi hiyo. Nikageuza macho nyumba ya pili. Makopo. Ya tatu, makopo. Wanawake wa Chala kiangazi hawana bustani, wana makopo. Na mimi miaka yote nilikuwa nakata maua halafu nahangaika yasife, wakati majirani walikuwa nayo yanaishi.

Nikamwambia Bi Anselma, "Ua lenye mizizi haliogopi ndizi. Tukiazima makopo haya, kesho jioni tunayarudisha mazima."

"Yataazimwa na nani?" akauliza.

"Nitapita mimi."

Akasimama. "Wewe watakwambia ngoja nimuulize baba. Mimi mgeni wa bondeni, ninatetemeka hivi, nani atanifukuza?"

Na kweli nilimfuata nyuma kusikiliza, kwa sababu Chala yote nilikuwa nawafahamu kwa majina na nilitaka kumtajia kila mlango. Kwa Mama Filomena alisema, "Shikamoo mama. Mimi ni mkwe wa Leonsia kutoka Muze. Nimeua maua ya harusi kwa ndizi zangu. Nimekuja kuomba maua yako yakasali kesho kanisani, halafu yarudi."

Mama Filomena akaangalia makopo yake, akaniangalia mimi. "Huyu mgeni ni mzima?"

"Mzima," nikasema. "Ana baridi tu."

"Haya, chukueni. Ila hili la jeraniamu nimelitunza tangu kitindamimba wangu anatambaa. Likirudi limekatika shingo, Skola, tutaonana."

Habari ikatutangulia. Tulipofika kwa Desderia mkewe Kandidi, makopo yalikuwa yameshatolewa nje. Gaudiosa muuza vitumbua alitoa begonia yenye majani kama masikio ya nguruwe. Mama Yustina, ambaye na Leonsia walikuwa hawasalimiani vizuri kwa ajili ya mpaka wa shamba, alileta mwenyewe, kichwani, ndoo ya feni, ule mmea wa majani marefu kama manyoya, yakining'inia hadi mabegani kwake, akaitua uani, akasema, "Isionekane mimi tu sina," akaondoka. Vijana wa kwaya wakakokota mengine kwa mkokoteni hadi kanisani.

Nilijua lakini kwamba makopo peke yake hayatamtosheleza Gaudensi. Makopo ni mafupi, yanajaza sakafu, na altare inataka urefu. Hapo nikaenda uani nyuma ya ghala, ulezi wa Leonsia ulikuwa umeanikwa kwenye mkeka, masuke bado yana mashina. Nikayafunga mafungu mafungu, suke likiwa juu limejikunja kama ngumi ya mtoto. Rangi yake ile nyekundu ya udongo, hakuna duka linaiuza. Katikati nikachomeka yale maua makavu ya nyikani, meupe na ya manjano, ambayo hata yakiwa hai yanalia kama karatasi ukiyagusa. Hayo hayanywi maji, hayaogopi chochote.

Jeni akafika saa tisa na gari lake, maana Gaudensi alikuwa amempigia kweli. Msichana mwenye suruali na simu mbili. Akaingia kanisani, akasimama mbele ya makopo yetu yaliyoandikwa rangi ya mafuta, mafuta ya alizeti, dawa ya ng'ombe.

"Shikamoo bibi. Mmefungua duka la vifaa?"

"Marahaba. Ndiyo, na wewe ni mteja wa kwanza."

Akacheka. Akazunguka, akainama, akashika suke la ulezi. Kisha akasema, "Bibi, maua ni mazuri kuliko niliyokuja nayo, nasema ukweli ingawa unanikosesha biashara. Ila makopo yanawaangusha. Na mmeyapanga yote chini, mtu wa nyuma ataona vichwa vya watu tu." Alisema kweli. Akaenda garini, akaleta kitambaa cheupe, akaanza kuvisha makopo moja moja, anafunga kwa katani. Akapindua kreti za soda, akazifunika, akapandisha ngazi kutoka sakafu hadi altare. Mimi sikuwahi kufikiria ngazi za maua maisha yangu yote. Tukakubaliana kwamba Mzee Gaudensi akiridhika, alipwe kitambaa na kazi ya mikono yake, na waridi arudi nazo mjini, kulikuwa na harusi nyingine Jumapili. Namna ya kufunga ulezi ukae usipukutike nikamwonyesha palepale.

Shija naye akafika, kamba begani, akaketi kwenye benchi la nyuma kanisani kusubiri uamuzi. Leonsia alikuwa amesimama mlangoni. Hakuingia.

Mzee Gaudensi akatembea kutoka mlangoni hadi mbele, polepole, kama ndiye bibi harusi. Akatazama ngazi za makopo meupe. Akatazama begonia ya Gaudiosa, feni ya Mama Yustina. Akafika kwenye ulezi, akasimama. Akachukua suke moja, akalisugua kwenye kiganja, akapuliza makapi, akaziangalia punje.

"Huu ni wa shamba gani?" akauliza.

"La juu," Leonsia akajibu kutoka mlangoni. "Lile mlilovunja msitu wewe na kaka yako."

Gaudensi akatafuna zile punje. Akatafuna muda mrefu kuliko punje zinavyohitaji. Kisha akageuka, akasema, "Shija, kunywa chai kwanza."

"Nikishakunywa, Mzee?"

"Ukishakunywa, rudi na kamba yako."

Shija akasema sawa, ila kwa kuwa amesumbuliwa safari bure, apewe na ndizi. Leonsia akaingia kanisani, akakaa benchi la kwanza alilolikuta, akalia kidogo kwa ncha ya kitenge, kisha akainuka kuuliza nani anachochea moto wa maharage.

Harusi ilikuwa nzuri. Ukumbini tulihamishia makopo na ulezi, na hapo ndipo tulipojifunza jambo jipya: kuku wa Chala hawajui harusi. Walifuata masuke hadi meza kuu. Mwenyekiti wa kamati alitumia nusu ya sherehe yake akifukuza kuku kwa fimbo, na mtu wa kuongoza shughuli akamtangaza kama mlinzi wa mapambo. Kwa hiyo ulezi uwekeni juu, au funikeni milango.

Jumapili Bi Anselma alirudisha makopo yote mwenyewe, na ndani ya kila kopo, pembeni ya ua, aliegemeza kichana cha ndizi mbivu. Mama Filomena aliikagua jeraniamu yake shingo hadi mizizi, akasema haina neno. Kisha akakata kijiti, akampa Editha akapande kwake Muze. Na wengine wakafuata, kila mmoja kijiti. Editha akashuka bondeni na ndoo ya vijiti juu ya mapaja, Patrisi akishika mablanketi.

Tangu hapo Chala wanaazimana. Kamati ikikaa, kabla ya kuandika maua wanapita mabarazani kuhesabu makopo. Jeni naye anafanya hivyo mjini, anatoza vitambaa, ngazi na mikono, na vijana wanaooana wanabaki na fedha ya godoro. Nawashauri ninyi nanyi: anzeni na kilicho na mizizi, kisha kilichokwisha kukauka, na cha kukata kiwe kidogo tu, shada la bibi harusi na la mama yake. Ombeni mapema, rudisheni mapema, na anayewaazima mwalikeni akae mbele alione ua lake.

Mvua za kwanza zilipopiga nilikwenda Chala kwa mazishi ya mzee Kandidi, Mungu amrehemu. Nikapita shamba la juu. Leonsia alikuwa nyuma ya plau, miguu imejaa tope, Fundi na Karani mbele yake. Hakunisikia nikimwita kwa ajili ya upepo. Nikasimama pembeni nikausubiri mfereji umalizike, na ulikuwa umenyooka.

Nimeandika kwa kichwa tu, na kichwa changu kimebeba harusi nyingi. Huenda ndoo ya feni ilikuwa ya Mama Yustina au ya wifi yake Benadeta, maana wote wawili wanapenda feni na wote wawili ni wabishi. Huenda begonia haikuwa ya Gaudiosa. Kama ulikuwepo, au mama yako alikuwepo, na nimempa mtu kopo lisilo lake, njoo uniambie. Sitaki mwanamke hata mmoja wa Chala aliyetoa ua lake siku ile akose jina lake hapa kwa sababu ya usahaulifu wangu.